Eisii Imeingia Mchombe, Ngoja Tusonye

Mtu mzima na akili zake, mwenye mashine ya kukoboa inayomwingizia hela kila siku ya Mungu, kashusha kwenye basi la Ifakara boksi lililoandikwa BTU 24,000. Mxiuuu! Chumba anachotaka kukipoza tunakijua: futi kumi kwa kumi na mbili, ukuta wa tofali za kuchoma, bati juu, dari hakuna. Ukilala chali unazihesabu kenchi. Kati ya ukuta na bati pana uwazi ambao popo anapita bila kukunja bawa. Sasa hiyo baridi yote inakwenda kumpoza nani? Popo?

Wala si wivu. Joto la bonde hili la Kilombero halina mjadala. Kuanzia Oktoba mpaka mvua zikolee, ukiwa popote kati ya Ifakara na Mlimba unaoga saa mbili usiku, unajifuta, na kabla hujafunga kifungo cha shati umeshalowa tena. Milima ya Udzungwa imesimama pale inatutazama na ubaridi wake, huku chini mto Kilombero na majaruba yanatupikia mvuke. Mwenye hela akisema amechoka, anataka usingizi wa maana, ana haki yake. Kinachotusonyesha ni kununua kwa macho.

Hapa kijiweni, mbele ya birika la kahawa, kila mtu fundi. Dereva bodaboda anasema eisii ni jina, tafuta ya Kijapani utulie. Kijana wa duka la simu anasema ukubwa ndio mpango, ukiweza tani mbili usijidhalilishe na moja. Mwalimu mstaafu, ambaye hafungui mdomo mpaka kahawa yake ipoe, akauliza taratibu: "Huyo bwana, anasumbuliwa na joto au na majimaji?"

Tukacheka. Ila kwa hilo mwalimu yuko sawa, na historia iko upande wake. Mashine ya namna hii haikutengenezwa kwanza kwa ajili ya binadamu. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Kimarekani, Willis Carrier, alitakiwa akiokoe kiwanda kimoja cha uchapaji Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zinavuta unyevu wa kiangazi, zinatanuka na kusinyaa, rangi ya pili haikai juu ya rangi ya kwanza. Akabuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi. Unyevu ukageuka matone, matone yakadondoka, hewa ikatoka kavu. Kazi ilikuwa kukausha.

Na huku kwetu unyevu ndio ugonjwa wenyewe. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka, na jasho halikauki kwenye hewa iliyokwisha kushiba maji. Ni mpunga ulioanikwa kwenye turubai siku ya mawingu: unageuza, unageuza, jioni unaukuta vile vile. Ndiyo sababu nyuzi 33 za Mchombe zinaumiza kuliko nyuzi hizo hizo ukizikuta Dodoma.

Sasa weka ile elfu ishirini na nne kwenye chumba kidogo, hata tuseme amepiga dari. Kompresa inanguruma dakika chache, kipima joto chake kinasema tayari, inazima. Hewa imepoa lakini maji hayajatoka, maana maji yanahitaji muda kugeuka matone kwenye mabomba ya ndani na kutiririka. Baada ya kitambo kidogo inawaka tena, inazima tena. Unalala kwenye ubaridi wenye majimaji, shuka linanata, asubuhi ukuta unanuka uvundo, na kompresa imewaka na kuzima usiku kucha mpaka imezeeka kabla ya siku zake. Eisii ndogo inayofanya kazi mfululizo inakausha chumba. Kwa bonde hili, anayekosea kwa kuzidisha anaumia zaidi ya anayekosea kwa kupunguza kidogo.

Vipimo vyenyewe si uchawi. Madukani wanazungumza kwa hospawa: moja ni kama BTU 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000. Mafundi wa zamani wanazungumza kwa tani, na tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, kipimo kilichobaki tangu enzi za kupoza kwa barafu: tani ya barafu ikiyeyuka kwa saa 24 inanyonya kiasi hicho cha joto kila saa. Chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, chenye dari, mianya imezibwa, watu wawili na godoro, 9,000 inakitosha. Sebule ya kawaida, 12,000 mpaka 18,000, kutegemea jua la saa tisa linapiga ukuta upi na watu wangapi wanakuja kuangalia mpira. Lakini chumba kisicho na dari hakina kipimo. Bati la mchana linashusha joto moja kwa moja utosini, na hata ukileta mtambo wa kuhifadhia samaki utakuwa unapoza kata nzima.

Kijana wa duka akadakia. "Basi si achukue lile feni la maji? Unaweka barafu, linapuliza baridi, umeme kidogo." Aka! Dogo, hilo usimuuzie mtu wa huku ukabaki na amani. Lile feni linapoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke na kuupuliza chumbani. Dodoma na Singida, kwenye hewa kavu, linasaidia. Mchombe unamwongezea maji mtu anayezama.

Sasa LUKU, na hapo ndipo kijiwe kinapoishiwa ucheshi. Wengi wetu huku tuko kwenye daraja la matumizi madogo, lile TANESCO wanaliita D1. Kwa bei zilizoanza 2016, yuniti 75 za kwanza za mwezi ni Sh100 kila moja. Ukizidi, kila yuniti ya ziada ni Sh350. Ukiendelea kuzidi mwezi hadi mwezi unahamishiwa T1, ambako yuniti ni Sh292 kuanzia ya kwanza. Juu yake inapanda VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1. Ukijumlisha, yuniti ya D1 inakutoka Sh122 na ya T1 kama Sh356.

Eisii ya kawaida ya 12,000, isiyo ya inveta, ikiwaka inavuta kilowati moja na kitu. Washa saa tatu usiku, zima saa kumi na moja alfajiri, tuseme kompresa inafanya kazi theluthi mbili ya muda huo. Yuniti sita kwa usiku, 180 kwa mwezi. Kwa T1 ni Sh64,000 na chenji.

Mwenye mashine ya kukoboa akatuambia hiyo anaimudu. Sawa, bosi. Ila msonyo wenyewe hauko hapo, uko kwenye friji. Nyumba iliyokuwa inakula yuniti 60 kwa mwezi, yaani taa, TV na friji dogo, ilikuwa inalipa Sh7,320. Ukishahamishwa daraja kwa sababu ya eisii, yuniti zile zile 60, taa zile zile, friji lile lile, zinakuwa Sh21,360. Yaani mama anapigwa faini ya friji lake la barafu kwa sababu baba anataka baridi chumbani. Hilo hakuna muuza duka anayekwambia, na sidhani kama wengi wao wanalijua.

Inveta inapunguza maumivu, haiyaondoi. Hiyo haiwaki na kuzima; ikishafikia baridi uliyotaka inapunguza mwendo, inabaki inazunguka polepole. Ya 9,000 kwenye chumba kilichozibwa vizuri, ukiiweka nyuzi 26, inaweza kumaliza usiku kwa yuniti tatu hivi. Kwa mwezi ni Sh32,000. Na kwa kuwa inazunguka muda mrefu, ndiyo inayokausha vizuri zaidi, kwa hiyo kwetu ina faida mbili kwa mkupuo. Ni ghali zaidi dukani, na hapo ndipo watu wanaporudi nyuma. Mimi ningesema: kama huna ya inveta, subiri mavuno mengine. Na wewe unayefika ukabonyeza remoti mpaka 18 ukidhani chumba kitapoa haraka, ile ya kawaida haijui haraka. Inavuta nguvu ile ile, inachelewa tu kuzima.

Feni la kusimama, kwa kulinganisha, ni wati hamsini na kitu. Usiku kucha halifiki nusu ya yuniti. Mwezi mzima kwa D1 ni kama Sh1,600. Nasema tu.

"Na umeme wenyewe unazaliwa kwetu!" bodaboda akapandisha sauti. Kweli. Kidatu megawati 204. Kihansi, hapo juu ya Chita, megawati 180. Na Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililowasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024, linakunywa mto Rufiji, ambao zaidi ya nusu ya maji yake ni haya haya ya Kilombero yanayotutia jasho. Bei ya yuniti haina habari na hayo.

Mazungumzo yakifika Kihansi lazima yaishie kwa vyura. Kwa wageni: kuna chura mdogo wa rangi ya njano, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba akiwa mchanga, aliyegunduliwa 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, hapatikani kwingine duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapotea. Mwaka 2000 wakakusanywa karibu 500 wakapandishwa ndege mpaka bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye Toledo pia, wakalelewa kwenye vyumba vyenye joto lililopimwa na ukungu wa kunyunyizwa. Porini walitangazwa kutoweka 2009, wakaanza kurudishwa 2012, na korongoni wamewekewa mabomba ya kuwanyunyizia. "Chura wa kwetu," bodaboda akahitimisha, "kapata eisii kabla ya mwenyekiti wa kijiji. Tena hanunui LUKU."

Kijiwe kikavunjika mbavu. Lakini mimi chura simwonei wivu wa ubaridi, namwonea wivu wa kupimwa. Kabla hajajengewa kitu, watu walikaa wakauliza anahitaji nyuzi ngapi, unyevu kiasi gani, hewa itoke wapi. Huyu bwana mwenye mashine hakuna aliyemuuliza hata urefu wa chumba. Aliulizwa bajeti.

Tuongeze moto wa laini. Anayekaa mbali na transfoma anajua: jioni watu wakiwasha, taa inakuwa ya njano. Umeme unaotakiwa ni volti 230. Ukishuka sana, kompresa inajaribu kuamka, inashindwa, inavuta mkondo mkubwa, inachemka. Hapo hakuna jina la Kijapani litakalokuokoa. Angalia kibandiko kama mashine inavumilia volti za chini, na kama kwako taa zinayumba, weka stebilaiza inayotosha kompresa, siyo ile ya TV. Angalau weka gadi inayokata umeme ukiyumba na kuurudisha baada ya dakika chache, maana kompresa ikiwashwa kabla presha ya gesi haijatulia inaumia. Waya wake uje peke yake kutoka kwenye mein swichi, una breka yake. Ekstensheni ya kuchajia simu iache ifanye kazi ya simu. Na radi zetu za Desemba mnazijua.

Msonyo unaofuata ni wetu sote, maana tumejenga vibaya. Babu zetu waliishi kwenye nyasi na udongo, panya na moto vikawasumbua, sawa, ila joto la mchana halikuwafuata kitandani. Sisi tukapanda daraja tukaweka bati, hatukumalizia dari. Tofali na bati vinakusanya jua mchana kutwa, usiku vinakurudishia. Toka nje saa sita za usiku usimame uwanjani: kuna kaupepo kanashuka kutoka Udzungwa, nje ni afadhali kuliko ndani. Yaani tumejifungia na joto letu wenyewe. Halafu haya madirisha ya alumini ya kuteleza, fasheni iliyotoka mjini. Unalipia dirisha la futi tano, linafunguka futi mbili na nusu. Mxiu!

Mwalimu akaja na la mbu, na hilo bonde hili halina haja ya kufundishwa. Pale Ifakara, maabara ya Waswisi iliyoanza miaka ya 1950, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara, imetumia miongo kuchunguza mbu wa malaria wa Kilombero, na moja ya mambo yaliyothibitika ni kwamba mbu hao hupenda kuingia kupitia ule uwazi kati ya ukuta na bati. Uwazi ule ule wa popo. Ukiuacha, baridi inatoka na mbu wanaingia. Ukiuziba bila nyavu wala dari, unaokwa. Ukiuwekea nyavu, ukapiga dari yenye matundu ya kupumulia juu yake, ukaweka nyavu madirishani, mbu anabaki nje, joto la bati linabaki juu ya dari, na kaupepo ka usiku kanaingia. Wangapi hapa wanaacha kulala kwenye chandarua kwa sababu ya joto? Mkono wa dereva bodaboda ukapanda, akaushusha haraka mke wake alipopita.

Kwa hiyo mimi ningemtuma yule bwana kwa seremala kwanza. Dari ya chumba kimoja, nyavu, rangi nyeupe juu ya bati kama moyo unakubali, feni la maana. Alale miezi ya Oktoba na Novemba hivyo. Kama bado anateseka, na wapo wanaoteseka, wazee wenye presha, mama mjamzito, mtoto mchanga mwenye vipele vya joto, basi anunue 9,000 ya inveta na aifunge kwenye chumba hicho kimoja. Nyumba nzima ya eisii ni habari ya watu wa Masaki.

Kuna jamaa ana shemeji yake Maskati, kaahidiwa eisii iliyotumika, itakuja kwa meli mpaka Dar. Kajisifu sana kwamba za Omani ni za T3. Bodaboda akashtuka akidhani ni daraja jipya la LUKU. Hapana, kaka. Hiyo T3 ni aina ya hali ya hewa: mashine iliyopimwa kwa joto la nje la nyuzi 46. T1 ya upande huo inapimwa kwa nyuzi 35. Maskati kiangazi wanazihitaji kweli za T3. Huku kwetu joto halifiki huko, T1 nzuri inatosha. Ikija ya bure usiikatae, ila uliza gesi yake. Kama ni R22, hiyo ni ya kizazi kinachozikwa: Mkataba wa Montreal wa 1987 unaiondoa sokoni, na nchi zetu zimepewa mpaka 2030. Hata gesi nyingine zilizoirithi ziliwekewa ukomo pale Kigali, jirani zetu, Oktoba 2016, kwa ajili ya joto la dunia. Mpya nyingi sasa ni R32, na hiyo inaweza kushika moto, haitaki fundi wa kubahatisha.

Fundi ndiye kiini. Eisii nzuri ambayo fundi wake yuko Dar ni mbovu. Msimu wa mvua barabara ikichafuka, hata wa Ifakara anakuja kwa mbinde na nauli juu yako. Nunua jina ambalo vipuri vyake vipo Ifakara au angalau Morogoro. Siku ya kufunga, muulize fundi ana pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba. Akikwambia haina haja, gesi yenyewe itasukuma hewa itoke, msindikize barabarani kwa heshima. Na yule anayekuja kila mwaka "kujaza gesi" anakula hela yako. Gesi ya eisii hailiwi. Ikipungua kuna tundu, atafute tundu.

Kwa Mchombe kuna jingine ambalo vitabu vya maelekezo havina: vumbi la pumba. Lile sanduku la nje ukilielekeza upande wa mashine ya kukobolea, mapezi yake yanaziba mpaka halipumui. Huyu bwana mashine iko nyuma ya chumba chake! Lifunge upande wa pili, kivulini, juu kidogo ya ardhi, lioshwe kwa maji kila baada ya muda. Na mijusi, wapenzi wa vuguvugu, wanaingia kwenye ubao wa umeme wanaungua nao. Wavu mdogo kwenye mianya ya kupitia nyaya, kwisha.

Nesi wa zahanati, ambaye amepanga chumba kwa mmoja wa wazee wetu hapa, alikuwa amesimama muda wote akisubiri kahawa. Akauliza kwa adabu: "Shikamoo baba. Nikiweka ya kwangu ndogo, utaniruhusu kutoboa ukuta?"

"Marahaba. Tundu la ukubwa gani?"

"Bomba tu linapita, baba. Inchi mbili na nusu. Nikihama naliziba kwa saruji."

Mzee akafikiri. Akauliza kama kweli chumba kikiwa na eisii watu wanaogopa kukiita chumba cha kawaida. Akaambiwa ndiyo, mjini vinapangishwa ghali. Akafikiri tena. Akasema kutoboa ruksa, ila kuanzia mwezi ujao kodi itabidi waizungumze upya.

Nesi akapokea kahawa yake. "Basi baba, wacha ninunue feni."